Mzazi Anapomtembelea Mwanafunzi Ulaya

Wazazi wengi huwatembelea watoto wao wanaosoma Ujerumani au Ufaransa, kisha familia huzuru nchi nyingine pamoja. Kabla ya kulipia tiketi, tunamshauri kila msafiri aisome viza yake.

Viza ya Schengen hutumika katika nchi 29, kwa muda usiozidi siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza na Ayalandi hazimo. Alama 01 kwenye viza humaanisha kuingia mara moja. MULT, mara nyingi. Mama mwenye 01 akitoka Berlin kwenda London, hata kwa siku mbili na akiwa na viza ya Uingereza, hawezi kurejea Berlin kwa viza ileile. Kibali cha ukaazi cha mwanawe hakimsaidii, na tiketi yake ya kurudi nyumbani inayoanzia Berlin huenda ikapotea.

Kwa hiyo, anayetaka kufika London aombe mapema viza ya kuingia mara nyingi, au aiweke London mwisho wa safari na arudi nyumbani kutoka huko.

Bima nayo isomwe: ile ya Schengen, yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, si lazima igharimie matibabu Uingereza.