Naye Aliambiwa na Nani?

Mwaka wa 1997, nikiwa bado kijana katika kazi hii ya kalamu, nalizamisha jahazi. Halikuzamishwa na dhoruba wala mwamba. Nalilizamisha mimi kwa wino. Asubuhi moja nalisikia bandarini kuwa jahazi lililotweka kutoka Mombasa kwenda Lamu limeghariki. Sikulipokea neno hilo kwa pupa. Niliuliza watu watano, na wote watano wakaniambia ni kweli. Basi nikaandika, gazeti likachapa, na nyumbani kwa nahodha ikasomwa khitma.

Siku ya nne nahodha akarudi. Kumbe alikuwa Kipini akingoja bahari itulie. Alimkuta mkewe amekaa eda, na mamake amelala kitandani hamtambui. Mama yule hakuinuka tena. Alifariki mwezi ule ule. Ajali ya kila mmoja iko kwa Mwenyezi Mungu, na nahodha mwenyewe ndiye aliyenikumbusha hilo. Walakini hakuondoka kabla ya kuniuliza, kwa sauti ya upole kabisa: “Mwanangu, nani alikuambia?”

Nikamtajia wa kwanza. “Naye aliambiwa na nani?” Tukawafuata mmoja mmoja siku ile, yeye na mimi. Wanne wote walikuwa wamelitoa kwa mchukuzi mmoja aliyeona ubao ukielea. Na yule wa tano, ndugu msomaji, alilipata kwa mtu ambaye mimi mwenyewe nalikuwa nimemuuliza alfajiri ile. Neno langu lilizunguka mji likanirudia, nami nikalipokea kama shahidi mpya.

Kisa hiki sikupata kukiandika. Juzi kimenirudia mahali nisipopatarajia: mezani pa ami yangu mmoja, mstaafu wa redio za melini, mwenye leseni ya redio ya ridhaa. Hawa ni watu wanaozungumza kwa mitambo yao na wenzao duniani bila ya malipo wala biashara. Ami alikuwa ameweka kompyuta mbili kuukuu, zimeunganishwa kwa waya, apate kunionyesha jambo ambalo wenziwe wa Marekani na Kanada walilihangaikia kwa miaka mingi: ujumbe usio na mjumbe hupataje njia?

Asili ya jambo lenyewe ni hii. Tarehe 31 Mei 1978, mjini Montreal, watu wa redio ya ridhaa walianza kurushiana maandishi yaliyofungwa vifurushi vifurushi, kila kimoja kina jina la mpelekaji na la mpokeaji. Vifurushi hivyo huitwa pakiti. Mwaka wa 1982 kikaundwa chama mjini Tucson, Arizona, kiitwacho TAPR, ambacho kilieneza kisanduku cha kuunganisha kompyuta na redio. Mwendo wake aghalabu ulikuwa biti 1200 kwa nukta moja. Leo twaweza kuucheka, lakini barua ya kurasa mbili ilifika, na haikuhitaji simu wala posta.

Ila redio za namna hii hazifiki mbali. Kilima kikiingia kati, hakuna mazungumzo. Ndipo ujumbe ukawa wapokezanwa kutoka kituo hadi kituo. Mwanzoni mpelekaji alilazimika kuitaja njia yote mwenyewe, kwa majina ya vituo visivyozidi vinane, mfano wa msafiri anayetakiwa kuzijua bandari zote kabla hajang'oa nanga. Mwaka wa 1987 Wamarekani wawili, Ron Raikes na Mike Busch, wakatoa mpango uitwao NET/ROM. Tangu hapo vituo vikaanza kuambiana vyenyewe: mimi namjua fulani, na njia ya kumfikia ni hii. Katika miaka ya 1990 kazi hiyo ikaingizwa katika kompyuta za Linux, ikakabidhiwa programu iitwayo netromd.

Programu inayokaa kimya nyuma ya pazia ikifanya kazi bila ya kuamriwa kila mara, mafundi huiita dimoni. Msomaji asitaharuki; si jini wala pepo wa kupunga. Huyu ni mtumishi tu, na kazi yake ni moja: kila saa hutoa tangazo, na saa zote husikiliza matangazo ya jirani.

Ami alinifungulia faili ya kumwelekeza mtumishi huyo. Nalidhani nitaona vitabu na vitabu. Ulikuwa mstari mmoja: jina la mlango wa redio, kisha tarakimu nne. 5, 192, 100, 1. Akanieleza kila moja, nami kadiri alivyokuwa akieleza ndivyo nilivyokuwa nikimwona nahodha.

Tarakimu ya 192 ni kadiri ya kumwamini jirani, katika alama 255. Jirani akinitajia mtu wake, alama yake huzidishwa kwa imani yangu kisha hugawanywa kwa 256. Kwa hivyo kituo nikisikiacho mwenyewe kina 192. Habari ikipita mdomo mmoja katikati huwa 144. Ikipita miwili, 108. Ikipita mitatu, 81. Na ile tarakimu ya 100 ndiyo kizingiti: kilicho chini yake hakiandikwi daftarini. Yaani mtambo umefundishwa kwamba neno hupungua uzito kila linapopita kinywa.

Wako waliokuwa na haraka wakaandika 255 mahali pa 192, ili kituo chao kionekane kinajua dunia nzima. Hebu fanya hesabu: baada ya vinywa vitatu vya katikati, habari bado ina alama 252. Uvumi umekuwa yakini. Na madhara yake yalionekana. Katika pwani ya California ziko nyakati ambapo hewa ya joto hulala juu ya hewa baridi ya baharini, na mawimbi ya redio yakateleza kati yake mamia ya maili. Kituo cha mbali husikika kwa saa moja, kikatoweka. Lakini jina lake limekwisha kuenea, na ujumbe wa watu waelekezwa kwenye njia ambayo haipo. Lilikuwa bahati ya usiku mmoja, wao wakalifanya barabara.

Kwa sababu hiyo kuna tarakimu ya 5. Kila habari inapoingia hupewa umri wa 6, na kila saa ipitayo bila ya kusikiwa tena hupunguzwa moja. Ikifika sifuri hufutwa. Ila ikishuka chini ya 5, ingawa kituo chaendelea kuiweka na kuitumia, chakatazwa kuisimulia kwa wengine. Nalisimama hapo nikamwomba Ami anirudilie. Kujua ni jambo moja, na kusema ni jingine. Na mtambo una mizani mbili, kila moja na jambo lake.

La nne ndilo lililonichoma. Katika tangazo, kila kituo kinachotajwa hutumia baiti 21: saba za jina lake la wito, sita za lakabu, saba za jirani aliye njia bora ya kukifikia, na moja ya alama. Nikamwuliza Ami, jirani huyo atajiwa nini? Akasema: “Ili msikilizaji atazame. Akiliona hapo jina lake mwenyewe, ajue kuwa habari imetoka kwake imemrudia. Huipa sifuri.”

Sikupata la kusema. Chuoni tulifundishwa kuwa hadithi haiwi hadithi bila ya isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, hata ifike. Wanazuoni walichunguza kama wapokezi wawili walipata kukutana. Na aya ya sita ya Sura ya Hujurat yatuamrisha tuichunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Yote hayo nalikuwa nayo kichwani mwaka ule wa 1997. Kisanduku cha Marekani kikawa na adabu niliyoikosa mimi mwana wa chuoni.

Ami akanisogezea ubao wa herufi. Tarakimu ya mwisho huamua kama kituo kitangaze daftari lake zima, au kijitaje chenyewe tu. Moja ni kutangaza yote. Sifuri ni kujitaja. Nikaifuta moja nikaandika sifuri.

Ami akacheka. “Hiyo yamfaa aliye mwisho wa njia,” akasema. “Lakini kituo cha katikati kikinyamaza, walio ng'ambo hii hawawajui walio ng'ambo ile. Mtandao wafa. Na wewe, mwanangu, kazi yako ni ya wapi?”

Kazi yangu ni ya katikati. Mwandishi wa gazeti, mwenye mimbari, mama anayepiga simu kuuliza hali ya mgonjwa, na sasa kila mwenye kidude cha kupelekea ujumbe mfukoni, sote tumo katikati. Hatuwezi kunyamaza, maana kuna habari ambazo watu wazingoja kwa haki. Tulichopewa ni tarakimu zile nyingine tatu: kumwamini jirani kwa kadiri, kukiweka kizingiti, na kuacha kuisimulia habari iliyozeeka hata kama bado tunayo. Na juu ya yote, kulitaja jina la aliyetuambia.

Nikairudisha ile moja. Zile nyingine sikuzigusa.

Nahodha yungali hai, ingawa baharini haendi tena. Jioni ile nilipita kwake kumweleza niliyoyaona. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kawaida yake: “Na hayo, nani alikuambia?” Nikamtajia Ami. Akatikisa kichwa, akaagiza kahawa.