Kutengeneza Meza ya Mpira

Katika mitaa ya Bujumbura, hasa kwetu Buyenzi, ni vigumu kutembea jioni usisikie kelele za vijana waliozunguka meza ya mpira, ile tuitayo bebifuti. Watu wengine husema ni mchezo wa kupoteza wakati tu. Lakini kwa mwenye meza hilo ndilo duka lake, na kwa fundi kama mimi, niliyetoka shuleni nikashika randa na mashine ya kuchomelea, ni kazi itakayo akili. Kwa hiyo nimeona vema niwaeleze wanafunzi, pamoja na wenzangu wa zamani, jinsi meza hiyo inavyotengenezwa na jinsi ya kuifanya iwe bora zaidi.

Mchezo wenyewe si wa jana. Mwaka 1921 Mwingereza mmoja, Harold Searles Thornton, aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake wa mpira wa mezani, akapewa mwaka 1923. Huko Hispania, Alejandro Finisterre alijeruhiwa kwa mabomu ya vita mwaka 1936. Yeye alisimulia kwamba hospitalini aliona watoto walioumia wasioweza tena kukimbia uwanjani, ndipo akafikiri kuwapatia mpira wa kuchezwa kwa mikono.

Meza ya kawaida ina fito 8 za chuma, yaani 4 kwa kila upande. Kila upande una wachezaji 11: kipa 1, walinzi 2, watu 5 wa katikati na washambuliaji 3. Sasa fahamuni jambo moja. Desturi ya mitaani ni kwamba anayeshindwa ndiye alipaye. Basi meza iliyoinama ni kama mizani ya mwizi: inamtoza fedha mtu asiye na kosa, na ugomvi huanzia hapo. Ndiyo sababu kazi ya kwanza ya fundi ni haki, na rangi nzuri huja baadaye.

Kwanza, chunguza kama meza imelala sawa. Weka mpira katikati, uuache bila kuusukuma. Ukienda wenyewe kwenye goli moja, usikimbilie kukata miguu ya meza. Igeuze meza nzima, upande wa kulia uwe kushoto, kisha jaribu tena. Mpira ukielekea upande ule ule wa barabara, kosa ni la ardhi. Tia kabari chini ya miguu na upime kwa pimamaji. Lakini mpira ukilifuata goli lile lile la kwanza, kosa ni la meza yenyewe. Hapo vuta uzi juu ya ubao kutoka pembe moja hadi nyingine. Ukiona nafasi chini ya uzi, ubao umebonyea. Mara nyingi hutokea wakati wa mvua, kwa maana ubao mwembamba hunywa maji. Dawa yake ni kuufungua, kuukausha kivulini, na kupigilia mihimili miwili au mitatu chini yake kabla ya kuurudisha.

Pili, tazama fito. Ufito uliopinda usiupige nyundo, kwa sababu ndani ni mtupu, nao utabonyea usifae tena. Ubane kati ya mbao mbili, uusukume polepole, huku ukiuzungusha kila mara kuona umebaki kiasi gani. Angalia pia bushi, yaani vile vipete ambamo ufito hupita ubavuni mwa meza. Bushi zikilika, ufito hucheza juu na chini, na mchezaji hodari hupiga mpira kombo kama mwanafunzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: bushi ni kitu kidogo, lakini ukiichelewesha, chuma kitakula na mbao.

Watu wengi humimina mafuta ya injini juu ya fito. Ni kosa. Mafuta hayo hushika vumbi, kisha hudondoka uwanjani na mpira huteleza. Pangusa ufito kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta ya silikoni, halafu pangusa tena.

Tatu ni wachezaji. Kila mmoja ameshikwa na pini au bolti. Ikilegea, mkono unazunguka lakini mguu wa mchezaji unachelewa. Usitie msumari, toboa tundu vizuri na utie bolti inayojaa. Kisha pitisha kipande cha karatasi ngumu chini ya miguu yote. Nafasi iwe moja kwa timu zote mbili, ama sivyo mpira utapita chini ya mmoja na kugonga mwingine.

Katika kuboresha meza, naanza na usalama. Fito nyingi hutokeza upande wa pili, nazo humpiga mtoto asimamaye karibu usoni. Kuna fito za namna nyingine ambazo chuma kimoja huingia ndani ya kingine, wala hakitokezi. Kama fedha hazitoshi, vika ncha kofia nene za mpira zilizokatwa katika tairi kuukuu. Baada ya hapo, funika uwanja kwa linoliamu ili mpira ushike, na ujenge kibanda kidogo cha kuzuia jua na mvua.

Ndugu zangu, kazi hii haitaki vyombo vingi: pimamaji, uzi, ufunguo wa bolti, kitambaa na subira. Mwenye meza iliyo sawa hupata wateja, kwa kuwa vijana hujua mahali wasipoibiwa. Kama shule yenu ina meza iliyosukumwa pembeni kwa kuharibika, msiiache ioze. Igeuzeni, muujaribu mpira, na mwanzie hapo.