Mhasibu au mshauri wa fedha: Nani aanze?

WAFANYABIASHARA wengi wadogo na wa kati hapa nchini humtafuta mtaalamu pale tu mambo yanapokwisha kuharibika. Barua ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ikifika dukani, hutafutwa mhasibu. Fedha zikionekana kulundikana benki, hutafutwa mtu wa kueleza ziwekezwe wapi. Wapo wanaodhani kuwa wataalamu hao ni mmoja mwenye majina mawili. Sivyo.

Mhasibu hushughulika na fedha zilizokwisha kutembea: ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, nani anadai na serikali inastahili nini. Mshauri wa fedha huangalia mbele: fedha zilizobaki zikae wapi, kwa muda gani na kwa hatari kiasi gani.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vitenge Kariakoo, ambaye mwisho wa mwezi anakuta Sh milioni 20 katika akaunti yake. Kwa macho yake hiyo ni faida. Lakini mhasibu akifungua vitabu, anakuta Sh milioni 9 ni deni la mali iliyochukuliwa kwa mkopo kwa muuzaji wa jumla. Sh milioni 2.5 ni Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) iliyokusanywa kwa wateja, ambayo ni lazima ilipwe ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sh milioni 2 ni awamu ya kodi ya mapato na Sh milioni 3 ni pango la miezi sita. Jumla ni Sh milioni 16.5. Fedha zilizo zake hasa ni Sh milioni 3.5 tu.

Sasa tuseme mfanyabiashara huyo alianzia kwa mshauri, akanunua hati fungani za serikali za miaka 10 kwa Sh milioni 20 zote. Hati hizo si mbaya: hulipa riba mara mbili kwa mwaka na mdaiwa ni serikali yenyewe. Tatizo ni kwamba muuzaji wa jumla hasubiri miaka 10. Itabidi hati ziuzwe kabla ya wakati katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), na kama riba za minada mipya zimepanda, bei ya hati za zamani hushuka. Ushauri ulikuwa mzuri, lakini ulitolewa kwa fedha za watu wengine.

Kwa hiyo mwenye biashara na aanze kwa mhasibu, kisha aende kwa mshauri akiwa na hesabu mkononi. Mfanyakazi wa mshahara ambaye kodi yake hukatwa na mwajiri, na ambaye hana mradi pembeni, anaweza kwenda kwa mshauri moja kwa moja. Huyo akiwa na akiba kidogo, anaweza kuulizia hata vipande vya Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005.

Jambo la pili ni leseni. Wahasibu husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Washauri wa uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyotokana na sheria ya mwaka 1994. Mtu asiyekuwepo katika orodha ya chombo chochote kati ya hivyo, hata akivaa tai, huenda ni kishoka. Waliopoteza akiba zao katika upatu wa DECI, uliosimamishwa na serikali mwaka 2009, waliahidiwa mavuno makubwa kwa muda mfupi. Swali la leseni lingewaokoa wengi.

Jambo la tatu ni nani anayemlipa mtaalamu. Mhasibu kwa kawaida hulipwa na mteja kwa kazi aliyoifanya. Anayejiita mshauri anaweza kuwa analipwa kamisheni na kampuni ya bima au ya uwekezaji ambayo bidhaa yake anaisifia. Kamisheni si kosa, lakini mteja ana haki ya kuijua kabla ya kutia saini. Muulize: "Nisiponunua hiki, wewe utapata nini?" Akisitasita, chukua mkoba wako uondoke.

Wako wanaosema biashara yao ni ndogo mno kuweza kumlipa mhasibu kila mwezi. Hao wanaweza kuandika mauzo, manunuzi na madeni wenyewe kila jioni, kisha wamwite mhasibu mara nne kwa mwaka, kabla ya kila awamu ya kodi. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hata mshauri hodari hawezi kukupangia fedha ambazo wewe mwenyewe hujui kama ni zako.