Samaki wa Marambo Nao Wahitaji Daktari

Wako wafanyakazi wengi wa mijini ambao, wakikaribia kustaafu, huwaza kurudi kwao na kuchimba bwawa la samaki. Wazo hilo ni jema. Samaki ni kitoweo chenye kujenga mwili, hukua kwa muda mfupi, na wanunuzi wake hawatafutwi mbali. Kwa watu wa Marambo, yaani nchi ya bara ya Nachingwea na Ruangwa, wazo hilo lina mvuto wa pekee, kwa kuwa bahari iko mbali na samaki wabichi si wa kila siku. Hata hivyo, ni wangapi kati yetu ambao kabla ya kununua vifaranga hujiuliza: samaki wangu wakiugua, nitampelekea nani?

FUNZO LA KARANGA

Nchi ya Nachingwea inaijua gharama ya kutanguliza jembe na kuacha utafiti nyuma. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu kutoka Uingereza ulizunguka Afrika Mashariki kwa muda wa wiki tisa hivi, kisha ukapendekeza mashamba ya karanga yenye ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, ikafuatia Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara ili kusafirisha mavuno ambayo yalikuwa bado hayajaonekana. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwisha potea. Udongo haukupimwa sawasawa, mvua haikuchunguzwa vya kutosha, na mitambo haikufaa kwa kazi iliyopewa. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Bwawa la mstaafu mmoja ni dogo mno likilinganishwa na mashamba yale. Lakini mafao ya mstaafu huyo ni ya mara moja tu katika maisha yake, naye hana Hazina ya kumlipia hasara.

KAZI YA CHUO KIKUU

Katika nchi yetu, utafiti wa ufugaji wa samaki na afya ya viumbe wa majini umo mikononi mwa vyuo vikuu vyetu pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoundwa mwaka 1980. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, kina walimu wa ufugaji wa samaki na waganga wa mifugo ambao hushughulikia pia maradhi ya samaki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar.

Wataalamu hao wana mambo makubwa matatu ya kuchunguza: chakula, mbegu na maradhi. Katika chakula, hutafuta namna ya kuchanganya vitu vinavyopatikana karibu, kama pumba na mashudu, ili mfugaji asitegemee chakula cha bei ghali kutoka mbali. Jambo hili lawagusa sana watu wa Marambo, ambao hulima ufuta na mihogo.

Kuhusu maradhi, jambo la kwanza wanalolifundisha ni kwamba mara nyingi mwuaji wa samaki ni maji yenyewe. Mimea midogo iliyomo majini hutoa oksijeni wakati wa jua, lakini usiku nayo huitumia, sawa na samaki. Bwawa likiwa na samaki wengi mno au mbolea nyingi, oksijeni hupungua sana alfajiri. Hapo utawaona samaki wamepanda juu wakitweta kwa midomo wazi. Mwenye bwawa asiyejua hudhani kuwa wana njaa, akawatupia chakula zaidi. Chakula kisicholiwa huoza, na kile kilichobaki cha oksijeni humalizika. Samaki ambaye hakufa siku hiyo hubaki dhaifu, na bakteria, ukungu na vimelea hupata mwanya wa kumwingia.

Yako pia maradhi yasiyoonekana kwa macho. Mwaka 2014 wanasayansi walitangaza kuwa wamegundua nchini Israel virusi ambavyo huua jamii ya perege na sato. Mwaka 2018 watafiti wa Uganda, Tanzania na Norwei walichapisha taarifa kwamba dalili za vinasaba vya virusi hivyo zimeonekana katika sato wa Ziwa Victoria, ilhali samaki wenyewe hawakuonekana wagonjwa. Havijulikani kumdhuru mlaji. Lakini taarifa hiyo yatufundisha kuwa kifaranga anayeogelea vizuri ndani ya mfuko wa plastiki aweza kuwa amebeba ugonjwa, na kwamba basi moja tu latosha kuuhamisha kutoka ziwa moja hadi bwawa lililo upande wa pili wa nchi.

HAZINA YA NYUMBANI

Jambo la mbegu nalo ni zito. Perege huanza kuzaa angali mdogo, na bwawa hujaa vidagaa visivyofika mezani. Kwa sababu hiyo wafugaji hupenda kufuga madume peke yake. Mwaka 1960 mtaalamu Mwingereza, C. F. Hickling, alichapisha matokeo ya majaribio yake huko Malacca: alipozalisha perege waliotoka Zanzibar pamoja na wa aina nyingine, alipata watoto karibu wote madume. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walichapisha uchunguzi juu ya machotara wa sato na perege wa Rufiji. Maana yake ni kwamba samaki wetu wa asili, wale tunaowadharau kwa udogo wao, ni mbegu ambayo dunia yaihitaji.

Basi na tutazame karibu na Marambo. Katika maziwa madogo ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, mkoani Lindi, kati ya miaka 2013 na 2016 waligunduliwa perege wa jamii ya Korogwe, ambao wametengana na ndugu zao wa Tanga kwa muda unaokadiriwa kuwa miaka 140,000. Lakini taarifa iliyochapishwa mwaka 2021 ilieleza pia kwamba perege hao wamekwisha anza kuchanganyika na sato wa kuletwa. Hazina iligunduliwa wakati ule ule ilipokuwa ikipotea. Sato akiisha kuingia katika ziwa au mto, hakuna awezaye kumrudisha.

UMBALI NI ADUI

Tatizo la Marambo ni umbali. Kutoka Nachingwea hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, na samaki aliyekwisha oza hawezi kumweleza mtaalamu kilichomwua. Kwa hiyo haitoshi kuwa na maabara nzuri chuoni. Yafaa elimu yake ifike katika vituo vya karibu, kama kile cha serikali cha ukuzaji viumbe maji cha Nyengedi, mkoani Lindi, na kwa maofisa wa uvuvi wa wilaya.

Kwa upande wake, mwenye kutaka kuchimba bwawa ana wajibu wake. Kwanza, achunguze maji: je, mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, yangali yapo? Pili, anunue vifaranga katika kituo kinachojulikana, na amwulize ofisa uvuvi ni aina gani inayofaa katika bonde lake. Tatu, aweke wavu penye mfereji wa kutolea maji, ili samaki wake wasiponyokee mtoni. Nne, aandike kila siku chakula alichotoa na samaki waliokufa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tano, samaki wakianza kufa, asimwage dawa ya kubahatisha; apunguze chakula, aongeze maji mapya, na amwite mtaalamu akiwa na samaki aliye hai bado au aliyetoka kufa sasa hivi na kuwekwa kwenye barafu.

Mwaka 1946 wananchi wa Nachingwea hawakuulizwa neno wala hawakuwa na chuo kikuu cha kukiuliza. Leo vyuo tunavyo, vinaendeshwa kwa kodi yetu, na maswali ni yetu kuyapeleka, kabla fedha hazijatoka mfukoni.