Fundi simu huna cheti? Ujuzi wa mtaani unaweza kupimwa na kutambuliwa

Amejifunza kibandani kwa fundi mkubwa. Kioo anabadilisha fasta, kuflashi anajua, na simu isiyoingiza chaji haimsumbui. Ila likitoka tangazo la kazi anakwama kwenye mstari mmoja tu: ambatanisha cheti.

Je, ni lazima arudi darasani aanze upya? Si lazima.

Njia ipi ipo?

Tanzania, VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa kwa kazi ya mikono yake. Akionekana ana pengo, anafundishwa pale palipopungua, kisha anatathminiwa ili apewe cheti.

Kenya, NITA hupima mafundi kwa madaraja matatu, kuanzia la 3 hadi la 1.

Sio kila fani hupimwa kila kituo, hivyo ulizia kwanza kituo cha karibu nawe.

Wengi hukwama wapi?

Kwenye swali la "kwa nini?" Chukua simu isiyowaka. Fundi wa kubahatisha anabadilisha betri, ikigoma anabadilisha kifaa kingine, na hela ya mteja inaisha. Fundi anayejua anashika mita kwanza. Anapima volti za betri, kisha anafuata njia ya umeme kwenye mchoro wa saketi hadi anapoona umeme umekatika. Hapo ndipo anapolehemu.

Ujuzi huo hauishii kwenye simu. Anayejua kupima na kusoma mchoro ana msingi wa kujifunza kufunga sola, kamera za ulinzi au kutengeneza kompyuta.

Jiandae hivi

• Fungua daftari la kazi: aina ya simu, tatizo, ulichopima, ulichobadilisha, matokeo.
• Piga picha za saketi kabla na baada ya kazi. Picha na meseji za mteja usiziguse.
• Omba barua kwa fundi aliyekufundisha, ikitaja muda mliofanya kazi pamoja.
• Jizoeze kueleza kila hatua kwa sauti, kama vile unamfundisha mwanafunzi wako.

Daftari hata la shule linatosha. Simu ya kwanza itakayoletwa kesho asubuhi, anza nayo.