Gari la Mteja Likiungua Yadini

Yadi nyingi za mafundi magari Dar es Salaam zina sura moja: kiwanja kimoja, mlinzi mmoja, kompresa ya kuchangia, na mafundi sita au saba ambao kila mmoja ana wateja wake. Kuna wa injini, wa umeme, wa kunyoosha bodi, wa rangi. Kodi wanachanga, mapato kila mtu lake. Kibiashara ni mpango mzuri. Kibima ni fumbo, kwa sababu bima ya dhima haikatiwi kiwanja. Hukatiwa mtu, au chombo chenye jina linalotambulika kisheria, kwa ajili ya fidia ambayo sheria inaweza kumtwisha.

Tuchukue mfano. Mnyoosha bodi anachomelea karibu na gari ambalo tangi lake la mafuta limefunguliwa. Cheche inaruka, moto unashika, magari matatu yanateketea. Moja ni la mteja wake. Mawili ni ya wateja wa wenzake. Chanzo cha moto kitachunguzwa, bila shaka, lakini kinachoamua nani analipa ni swali jingine: kila gari lilikuwa mikononi mwa nani?

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo mizizi yake ni sheria ya India ya mwaka 1872, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza iliyo yake. Ukipokea ufunguo ili utengeneze gari, umekabidhiwa. Kile kibao cha “Gari linaegeshwa kwa hatari ya mwenyewe” kisikupe usingizi mnono, maana kutundikwa ukutani hakukifanyi kiwe sehemu ya makubaliano yako na mteja.

Hapa ndipo mafundi huuziwa kitu kisichowafaa. Wakitaja neno dhima, wanapewa bima ya dhima kwa umma. Inamfaa mpita njia aliyetumbukia kwenye shimo la kukagulia magari, au jirani ambaye ukuta wake umegongwa. Lakini mikataba yake ya kawaida huondoa mali iliyo chini ya uangalizi wa mwenye bima. Yaani gari lenyewe, lililomleta mteja yadini, ndilo lisilokuwemo. Anachohitaji fundi ni bima ya biashara ya magari yenye kipengele cha hatari za ndani ya gereji, kinachotaja waziwazi magari ya wateja.

Sasa rudi kwenye moto wetu. Kama mnyoosha bodi ana bima yake ya dhima kwa umma, yale magari mawili ya wateja wa wenzake ni mali ya watu baki ambayo yeye hakukabidhiwa, kwa hiyo madai ya magari hayo yanaweza kulipwa. Lakini tuseme mafundi wameshauriwa waungane, wakate bima moja kwa jina la kikundi ili wapunguze gharama. Ghafla wote ni mwenye bima mmoja, na magari yote matatu yako chini ya uangalizi wake. Kampuni inaweza kuyakataa yote. Umoja uliowapunguzia ada ndio umewanyima fidia.

Dawa ipo. Ni kifungu cha dhima baina ya wanachama, kinachosema kila aliyetajwa kwenye mkataba atahesabiwa kana kwamba ana bima yake peke yake. Hakiongezi kiwango cha juu cha fidia, ambacho bado wote wanagawana, ila kinaondoa ule mtego. Binafsi, kikundi kikiniambia kimepata bima ya bei nafuu, ukurasa wa kwanza ninaoufungua ni ule wenye kifungu hiki. Mara nyingine haupo. Tazameni pia masharti ya kuchomelea: mitungi ya kuzimia moto, mafuta kuwekwa mbali, mtu wa kukaa akiangalia baada ya kazi kwisha. Sharti lisipotimizwa, kampuni imepata njia ya kutokea.

Wapo wanaojituliza kwa kusema mteja ana bima kubwa. Ni kweli, huenda atalipwa mapema na kampuni yake. Ila ikishamlipa, kampuni hurithi haki yake ya kumdai aliyesababisha hasara, na itamfuata fundi kwa nguvu kuliko mteja mwenyewe ambaye pengine angesamehe.

Kazi mbovu nayo ina hesabu yake. Ukifunga breki vibaya, bima haitalipia pedi mpya wala ufundi wa kurudia; hiyo ni gharama ya biashara yako. Gari likigonga watu wiki mbili baadaye kwa sababu ya breki hizo, hayo ni madai mengine, na hulipwa pale tu mkataba unapojumuisha madhara ya kazi iliyokwisha kukabidhiwa. Wengi hawakiulizii kipengele hiki kwa sababu gari limeshaondoka machoni.

Kwa wanaoumia kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusu wenye waajiri. Fundi anayechangia yadi na mwenzake hajaajiriwa naye. Spanaboi anayelipwa na fundi mmoja kila siku ana mwajiri, hata kama mwajiri huyo hapendi kuitwa hivyo.

Limebaki la kujaribu gari barabarani. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka kila gari linalotumika barabarani liwe na bima inayomlinda mtu mwingine akifa au kuumia. Gari likikaa yadini miezi mitatu likisubiri kipuri, bima hiyo, ile iitwayo bima ndogo, inaweza kumalizika bila mtu kukumbuka. Fundi akilitoa kwenda kusikiliza gia, anaendesha gari lisilo na bima, na mwenye kosa la kuliendesha ni yeye. Bima ya biashara ya magari inaweza kubeba safari hizo kama kipengele cha barabarani kimelipiwa na jina la dereva liko kwenye orodha. Kama hakipo, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa uhakiki wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kabla ya kuliwasha. Ikionyesha muda umekwisha, gia isikilizwe humo humo ndani ya yadi mpaka mwenye gari alipe.