Haki Zako Kazini (Sehemu ya 3): Ukiugua, Kazi Haiishi

Wiki iliyopita tulimalizana na likizo ya mwaka na siku zake 28. Leo tuingie kwenye likizo ya ugonjwa, ambayo wafanyakazi wengi wa Tanzania Bara huipoteza bila hata kujua kuwa walikuwa nayo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inatoa siku 126. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 atajikuta anapokea 300,000 kwa mwezi, na nauli ya hospitali haijapungua hata senti. Tena siku hizo si za kila mwaka, maana mzunguko wake ni miezi 36. Ukizitumia zote mwaka huu, mwakani usitegemee nyingine.

Ili ulipwe lazima uwe na cheti cha daktari, yaani ED. Ikague kabla hujatoka dirishani: jina lako, muhuri, saini, tarehe ya kuanza na ya kurudi kazini. Toa nakala, na anayeipokea ofisini aisaini nakala yako. Picha ya WhatsApp kwa msimamizi ni taarifa nzuri, lakini msimamizi akihama huhama na simu yake.

Halafu kuna mchezo wa kumwambia mgonjwa, “Siku hizi tutazikata kwenye likizo yako ya mwaka.” Haikubaliki. Sheria inamkataza mwajiri kubadilisha likizo moja kwa nyingine, hata kama mfanyakazi mwenyewe ameridhia.

Nani anastahili? Aliyefikisha miezi sita kazini. Kibarua wa msimu, tuseme kwenye mkonge au chai, naye hakuachwa nje. Na anayeitwa na kuachwa, kisha akaitwa tena na mwajiri yuleyule, vipindi vyake hujumlishwa. Vikizidi miezi sita ndani ya mwaka, anastahili. Kwa hiyo tunza kila hati ya malipo, hata ile iliyoandikwa kwa kalamu. Mwenye hali ngumu ni mgeni wa miezi mitatu minne: likizo ya kulipwa hana, na kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki bado haijamfikia. Anabaki na katazo la ubaguzi, ukiwamo wa ulemavu na wa virusi vya Ukimwi, ambalo humlinda hata anayeomba kazi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la siku ya 127. Wengi, wakiwamo maofisa utumishi, huamini kuwa ajira hufa yenyewe siku hiyo. Haifi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri achunguze kwanza: ugonjwa ni wa muda au wa kudumu, daktari anasemaje, kuna kazi nyepesi ya kumpa? Mfanyakazi asikilizwe. Kumwachisha mtu kwa sababu tu ametumia haki aliyopewa na sheria si sababu halali.

Likikufika, jaza fomu CMA F.1 uipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Aliyeumia akiwa kazini ana njia yake, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na huo tutauchambua wiki ijayo.